Usiguse gretingi: kutunza vioo vya spektromita ya nyota ukiwa kwenye unyevu wa Pwani

Wakuu, kama spektra yako, ule utepe wa rangi za mwanga wa nyota au jua, imeanza kuwa na michirizi, au imefifia haieleweki, naomba kabla hujashika bisibisi usome hii mpaka chini. Mimi gretingi yangu ya kwanza, kile kioo chenye mistari myembamba mno kinachotawanya mwanga kuwa rangi, niliiua mwenyewe, tena siku ya usafi. Niliona kaalama ka kidole pembeni, nikachukua kile kitambaa laini wanachokupa ukinunua miwani, nikapangusa mara moja tu, taratibu kama nampangusa mtoto uso. Alama haikutoka. Ilisambaa, na juu yake ukabaki mchirizi ambao mpaka leo ukiugeuza kwenye taa hautoi rangi, huku na huku unaona upinde mzima wa mvua, pale katikati weupe tu. Mistari ya pale imeshalala na haiamki tena.

Nipo Dar, upande wa baharini, kwa hiyo mengi humu ni ya mtu anayeishi na chumvi, jasho na masika. Aliye Dodoma atakuwa na vumbi zaidi na ukungu kidogo, atajipangia mwenyewe.

Tuelewane kwanza kilichomo ndani. Mwanga unatoka kwenye darubini, unapita kwenye sliti, ule mwanya mwembamba, unaingia lenzi ya kwanza tunayoiita kolimeta ambayo inainyoosha miale iende sambamba, unapiga gretingi inayoutawanya rangi rangi, halafu lenzi ya pili inaukusanya na kuutupa kwenye sensa ya kamera. Basi. Mchana natumia Sol'Ex, ile ya kuprinti mwenyewe kwa printa ya 3D, aliyoibuni Mfaransa Christian Buil kwa ajili ya kupiga picha za jua: sliti mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kolimeta ya milimita 80, lenzi ya pili milimita 125, gretingi ya mistari 2400 kwa kila milimita. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70 hivi, kwa hiyo huo mwanya ungeingia mara saba ndani ya unywele mmoja. Usiku natumia Star Analyser 100, gretingi ya kupitisha mwanga yenye mistari 100 tu kwa milimita, unaifunga mbele ya kamera kama filta, haina sliti wala nini.

Kwa nini gretingi haiguswi

Ile ya kuakisi ukiiona utadhani ni kipande cha kioo cha kujitazamia kinachong'aa rangi. Siyo. Nyingi tunazonunua sisi ni kopi: chini kioo cha kawaida, juu yake epoksi, aina ya gundi inayokauka ngumu, iliyochukua umbo la mistari kutoka kwenye molidi, na juu ya epoksi alumini nyembamba mno, unaongelea sehemu ya kumi ya mikroni hivi. Kwenye mistari 2400 kwa milimita, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni kama mikroni 0.4. Kidole kikigusa, mafuta ya ngozi yanaingia kwenye mifereji, na kitambaa hakiyatoi, kinayasukuma ndani huku kinalaza mistari. Sabuni nzuri haisaidii hapo, pamba ya bei haisaidii.

Kwa hiyo kwenye gretingi ya kuakisi hakuna kitambaa, hakuna pamba, hakuna brashi hata iwe laini vipi. Usiihemee "haaa" kama unavyofanya kwenye miwani, mdomo una mate na mate yana kila kitu. Yale makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta pia usithubutu, ukiliinamisha kidogo tu linatema kimiminika cha baridi kinachoacha doa. Na kuna mtu aliniuliza kuhusu kompresa ya fundi pancha, jamani, ile hewa ina maji na oili ndani, hata tairi linavumilia tu.

Kinachoruhusiwa ni kipulizio cha mpira, kile unachominya kwa mkono. Duka la kamera wanauza chenye vali nzuri. Ukikosa, famasi wana kile cha kunyonyea kamasi za watoto, ila vingine vinakuja na poda ndani na ukikiminya moja kwa moja kwenye gretingi umeimwagia unga. Kioshe, kining'inize mdomo chini siku mbili tatu kikauke kabisa, halafu kipulize kwanza mara ishirini kwenye kitambaa cheusi uone kama kinatoa kitu. Kikitoka safi ndo utumie. Shika gretingi kwa kingo, ukiwa na glavu zisizo na poda, uso wake utazame chini, ncha ya kipulizio iwe sentimita tano hivi, puliza kwa mshazari ili vumbi lianguke sakafuni lisiende kutua upande wa pili.

Kuna punje haitoki? Iache. Naongea serious, iache hapohapo, na sababu yake ndo hii inayofuata ambayo mimi naona ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kazi hii.

Soma uchafu kwenye picha kabla hujafungua kitu

Kila kioo ndani ya chombo kina namna yake ya kulalamika. Ukishajua sauti zao, mara nyingi sana utakuta mwenye kosa siyo gretingi.

Fanya hivi. Elekeza chombo kwenye kitu chenye mwanga tulivu, mfano karatasi nyeupe iliyomulikwa na balbu ya zamani ya waya, au anga la mchana mbali kabisa na jua. Piga picha, iongeze kontrasti kwenye programu mpaka madudu yote yaonekane.

Ukiona mistari myeusi, mirefu, iliyonyooka, inayokimbia kutoka rangi nyekundu hadi bluu bila kukatika, hilo ni vumbi la kwenye sliti. Punje moja imeziba sehemu ya mwanya, kwa hiyo mwanga wa sehemu hiyo haupo kwenye rangi zote, ndo maana kivuli kinasafiri urefu wote wa spektra. Kwenye picha za jua za Sol'Ex mistari hiyo inakuja kukata uso mzima wa jua kama jua limechanwa na kitana. Usichanganye na mistari ya kweli ya spektra, ile inayotokana na gesi za jua au nyota yenyewe, hiyo inasimama kukatiza upande mwingine.

Ukiona viduara, kama donati, vingine vikubwa vimefifia vingine vidogo vyeusi, hivyo viko karibu na sensa. Kidogo na cheusi maana yake kipo kwenye kioo cha sensa chenyewe, kikubwa na hafifu kipo mbele kidogo, kwenye filta au dirisha la kamera. Hakikisha kwa kulegeza kamera na kuizungusha kidogo: spektra itainama, ila kiduara kikibaki palepale kwenye fremu basi unacho kwenye kamera.

Ukiona hakuna umbo lolote ila picha nzima ina ukungu ukungu, mistari myeusi ya jua imekuwa ya kijivu, hapo washuku lenzi, ina mafuta au kuvu, au kuna mwanga unapenya kwenye boksi. Hili la pili lipime kabla hujafungua: funika chombo kizima na kitambaa kizito cheusi, upige tena. Mimi nilihangaika wiki nzima kumbe tundu la skrubu moja lilikuwa wazi.

Na vumbi la gretingi linaonekanaje? Halionekani. Pale kwenye gretingi miale iko sambamba, haijakusanyika, na kila rangi inatumia uso wote wa gretingi, kwa hiyo punje moja inapunguza mwanga kidogo sana kwa rangi zote kwa pamoja, haiwezi kuchora kitu. Vumbi likizidi utapata mwanga wa kutawanyika hovyo na kontrasti inashuka, lakini mpaka ufike huko inabidi uwe umeiacha wazi mezani miezi. Ndiyo maana nasema ile punje iache. Haikusumbui wewe, inasumbua macho yako tu ukiwa umefungua.

Kuandaa chumba, na jasho

Huku kwetu adui wa kwanza wa usafi ni feni. Zima feni nusu saa kabla, funga madirisha, deki sakafu kwa maji, subiri vumbi litulie. Shida sasa inakuja: feni imezimwa, mwezi wa pili, saa nane mchana, unainama juu ya boksi na paji la uso linatiririka. Tone moja la jasho likidondoka kwenye gretingi hiyo ndo kwaheri. Fanya alfajiri, funga kitambaa kichwani kama mwendesha toroli, vaa barakoa, na kaa pembeni ya kazi, usiwe juu yake. Mezani tandika shuka safi lisilotoa nyuzi. Taulo hapana.

Kila skrubu unayotoa ibandike kwenye karatasi kwa selotepu na uandike imetoka wapi. Kabla hujalegeza gretingi au lenzi yoyote piga picha kwa simu na uchore alama kwa penseli kwenye kishikio, kwa sababu gretingi ya kuakisi ina mwelekeo, ukiirudisha kichwa chini itafanya kazi ila mwanga mwingi utakwenda upande usioutaka, utakaa unajiuliza mbona nyota zimekuwa hafifu.

Sliti

Hii ndo utakayosafisha mara nyingi zaidi ya vyote. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kioo kilichopakwa kromi na mwanya ukachorwa ndani ya hiyo kromi, kama ya Sol'Ex. Anza na kipulizio, angalia picha tena. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, chukua karatasi ya lenzi iliyokunjwa, tone moja la alkoholi, pitisha mara moja kufuata urefu wa mwanya, usikatize, usikandamize, tupa karatasi. Halafu kamera iwe imewashwa pembeni uone mistari imeondoka au imehama. Ikihama maana yake umesukuma punje, rudia na karatasi mpya. Mstari mmoja au miwili ikibaki usijitese, programu inaitoa.

Aina ya pili ni ya meno mawili ya chuma yanayosogea, au hata nyembe mbili kama umejitengenezea. Hapo dawa ni ya kizamani sana: kijiti laini cha kibiriti, kisichotumika, kichonge ncha kwa wembe iwe kama patasi, fungua meno kidogo, yabane taratibu mpaka yaguse kijiti, kisha vuta kijiti mara moja kutoka juu hadi chini. Mti ni laini kuliko chuma, unabeba uchafu bila kukwangua. Usije ukafunga meno mpaka yagongane, ukishatia pengo kwenye makali ndo umepata mistari ya kudumu.

Lenzi

Nilienda Kariakoo kutafuta aisopropili alkoholi ya asilimia 99, ile wanayooshea mazabodi ya simu, na lenzi ya kolimeta nilikuwa nayo mfukoni kwa sababu nilitaka pia kijisanduku cha kuiwekea. Fundi akaiona.

"Lete nikusafishie fasta bosi, hiyo chafu," na tisheti ameshaivuta.

"Kaka tulia, tisheti hapana."

"Mbona skrini za watu nafuta hivi kila siku?"

Swali zuri tu. Skrini ya simu ni kioo kigumu kilichotengenezwa kishikwe na vidole mchana kutwa. Lenzi ina mpako mwembamba wa kuzuia kuakisi, na tisheti imebeba mchanga wa barabara nzima ya Msimbazi. Ila huyuhuyu fundi ndo alinifundisha kitu ambacho natumia mpaka leo. Alidondosha tone la alkoholi ya chupa moja kwenye kioo cha simu mbovu, na tone la chupa nyingine pembeni, tukasubiri yakauke. Moja likapotea kabisa, jingine likaacha pete nyeupe. "Hii usichukue." Basi, kila chupa mpya naipima hivyo, na tochi ya simu naimulika kwa upande ndo pete inaonekana.

Spiriti ya bluu ina rangi, inaacha rangi. Sanitaiza ina glisarini. Asetoni na tina zinayeyusha rangi, plastiki, na zinaweza kula gundi inayounganisha vioo viwili vya lenzi. Alkoholi ya famasi ya asilimia 70 ina maji mengi, siyo mbaya sana, ila ipime kwanza.

Halafu kuna jambo la watu wa baharini: chumvi haiyeyuki vizuri kwenye alkoholi. Kama unapiga nyota ufukweni Kigamboni na lenzi imeshika ule utando wa upepo wa bahari, ukipitisha alkoholi peke yake unakokota vijichumvi juu ya mpako kama msasa. Anza na maji yaliyochujwa chumvi, mimi natumia maji ya betri ya petroli stesheni, nikiwa nimeyapima kwa tone vilevile kama alkoholi. Angalia tu lebo mara mbili, maji ya betri na asidi ya betri vinakaa shelfu moja na madumu yanafanana.

Utaratibu wenyewe: puliza kwanza, mpaka uridhike, halafu puliza tena. Brashi laini safi ya lenzi, pitisha bila kukandamiza. Kunja karatasi ya lenzi, weka matone mawili kwenye KARATASI, siyo kwenye lenzi, kwa sababu kimiminika kikikimbilia ukingoni kinaingia ndani ya kishikio na kuketi katikati ya vioo. Ilaze karatasi kwenye lenzi, ivute polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, iache ikauke nyuma yake unavyovuta. Karatasi moja, mvuto mmoja, tupa. Usizungushe zungushe kama unaosha sahani. Tishu za chooni na za mezani hazifai, zimetengenezwa kwa mti na zinakwaruza.

Kama kimebaki kidoa kimoja pembeni, kiache. Lenzi yenye kidoa kimoja inafanya kazi kuliko lenzi iliyosafishwa mara kumi.

Star Analyser iko upande huu kidogo, kwa sababu gretingi yake imefunikwa na kioo juu, kwa hiyo inasafishika kama filta nzuri, kwa utaratibu huohuo wa lenzi. Kioo cha sensa nacho hivyohivyo ila kwa kijiti maalumu cha sensa, pamba ya masikio inaacha nyuzi. Sina la zaidi hapo.

Kuvu na unyevu, hapa ndo penyewe

Zima taa usiku, mulika lenzi kwa tochi ya simu kwa upande, siyo mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, au kama mizizi midogo inayotokea ukingoni kwenda katikati, hiyo ni kuvu. Inapenda unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na Dar asubuhi za masika kipimo kinapita 80 bila aibu. Inakula vumbi na mafuta, na asidi inazotoa zinachora mpako, kwa hiyo hata ukiiua alama inaweza kubaki. Ikiwa bado changa na ipo nje ya lenzi, haidrojeni peroksaidi ya famasi, ile ya asilimia 3, kwenye karatasi ya lenzi, pitisha mara moja, fuatisha maji safi, malizia na alkoholi. Ikiwa katikati ya vioo vilivyogundishwa, mpelekee fundi wa kamera anayejua au uishi nayo. Kwenye gretingi haina tiba, kwa hiyo hapo kazi yote ni kuzuia.

Kuzuia kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua deli la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko na kufuli nne za pembeni. Ndani weka kipima unyevu kidogo cha dijitali na silika jeli kwenye kifuko cha kitambaa kilichoshonwa, isiwe punje zimemwagwa tu, zinatoa unga. Lenga asilimia 40 hadi 50. Zikibadilika rangi, za chungwa zinakuwa kijani, za bluu zinakuwa pinki, zirudishe kwenye oveni kama nyuzi 110 au 120 kwa saa mbili tatu mpaka rangi irudi. Zile za bluu zina kobalti, usizikaushie kwenye sufuria ya wali. Na usiweke mchele badala yake, mchele unatoa unga na wadudu, utakuwa umeiandalia kuvu pilau. Naftalini ya kabatini pia marufuku, mvuke wake unaenda kuganda juu ya kioo.

Pima mfuniko wako hivi: weka kipimo na silika jeli ndani, funga, angalia baada ya siku tatu. Kama bado 65, mpira unavuja, paka mafuta ya silikoni kidogo kwenye mpira au nunua deli jingine.

Wakubwa nao njia yao ni hiyohiyo, ila kwa hela nyingi. HARPS, spektrografu iliyofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla nchini Chile tangu 2003, vioo vyake vyote viko ndani ya tanki la vakiumu na joto linashikiliwa ndani ya sehemu ya mia ya digrii, mwanga unaletwa kwa nyuzi za kioo, watu hawaingii. Hata ile ya kuchambua rangi kwa undani kwenye darubini ya SALT, Sutherland, Afrika Kusini, imefungiwa kwenye tanki. Wanafanya hivyo hasa ili mistari isicheze, lakini faida yake ya pili ni kwamba hakuna mtu wa kwenda na kitambaa.

Kutoka kwenye AC, na jua

Hili limewaumiza wengi. Chombo kimelala chumba chenye AC, nyuzi 20. Unatoka nacho uani saa mbili usiku, hewa ya nje umande wake unaanza kwenye nyuzi 23 au 24. Kioo kiko baridi kuliko hapo, basi kinatokwa jasho palepale, na gretingi nayo imo. Maji yakikauka yanaacha chochote kilichokuwa hewani, yaani chumvi. Toa deli likiwa limefungwa, liache nje saa nzima lipate joto la nje, ndo ufungue. Kama umechelewa na kioo kimeshalowa, usifute! Kiache kikauke kikiwa kimetazama chini, ndani ya deli lenye silika jeli.

Mchana kuna mengine. Plastiki ya PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani, chombo cheusi kikiwa kwenye siti, hapo panafikika. Changu kimoja kilipinda kidogo tu, hata kwa macho huoni, lakini fokasi ikawa nzuri upande mmoja wa spektra na mbaya upande mwingine. Printi kwa PETG, plastiki inayovumilia joto zaidi, kama unaweza, na usikiache garini. Darubini ikiwa imelenga jua bila filta ya kupunguza mwanga, joto lote linakusanyika kwenye sliti, kwa hiyo funika mdomo wa darubini kila unapoondoka hata kama unaenda kunywa maji tu. Na jicho halikaribii hapo kabisa, kazi yote ni ya kamera.

Bodaboda pia, kama unasafiri nacho kaa nacho mapajani, usifunge kwenye kerea. Mitikisiko inalegeza pete za lenzi.

Ukishafunga, pima

Usiamini macho. Kabla hujafungua chombo piga spektra ya taa ya enaji seva, ile ya kujikunja, na uhifadhi. Ndani yake kuna zebaki, utaona mstari mkali wa kijani kwenye nanomita 546.1, wa zambarau 435.8, na mapacha wa njano 577.0 na 579.1. Ukimaliza usafi piga tena kwa mpangilio uleule. Pima upana wa mstari wa 546.1 kwa pikseli. Kama zamani ulikuwa pikseli 4 na sasa ni 6, hukusafisha, umehamisha fokasi, rudi kalegeze lenzi ya pili. Na mng'ao wa mstari ukiwa uleule ila kuzunguka kwake kumekuwa kweusi zaidi, hapo umefanikiwa kweli, ule ukungu umeondoka. Wengine wanatumia stata ya tubelaiti, kale kabalbu ka kioo ndani yake kana gesi kama neoni au agoni na kanatoa mistari mizuri upande wa nyekundu, ila kale kanakula umeme wa ukutani, mwite fundi umeme akuwekee na rezista yake, usijifunge waya mwenyewe.

Andika kwenye daftari tarehe, ulichogusa, na upana wa mstari. Mimi la kwangu linaonyesha sliti naisafisha kila baada ya mwezi hivi, kolimeta nimeigusa mara mbili tangu niipate, na gretingi ya Sol'Ex sijaigusa hata siku moja, kipulizio tu.

Ile gretingi niliyoichafua mwenyewe sijaitupa. Nimebandika karatasi nyeusi nyembamba kuziba ule mchirizi usitawanye mwanga, nimepoteza kama robo ya uso, basi. Mwezi wa kwanza nimeitumia kumpiga nyota Achernar akiwa amekaa vizuri kusini, jina lenyewe la Kiarabu, mwisho wa mto, huyo "akhir" ni ndugu wa akhera yetu, na ni nyota ambayo mstari wake wa haidrojeni wa 656.3 kuna miaka unang'aa na kuna miaka unazima. Ukinyanyua karatasi unamwona hafifu na ukungu pembeni, ukirudisha karatasi anakaa sawa.